Usimwashe Kambo Kabla ya Kusoma

Mwamini mwanangu, wewe mwenye jina la mama yangu,

Karatasi hizi nimezifunga kwenye usukani kwa uzi wa cherehani ili usiweze kukaa bila kuziona. Nakuomba usimwashe Kambo kwanza. Leo alasiri, ulipokwenda kuagana na shangazi yako, niliingia chini ya gari yako na ufunguo wa kumi na saba, nikaigusa nati ya kushoto ya ile bare, chuma tulichofunga nyuma. Nimeirudisha. Lakini unaijua mikono yangu, ni mikono ya suruali na makoti. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, kabla hata ya chai ya mama yako, ingia chini uikague mwenyewe. Ukimaliza, nawa, urudi usome yaliyobaki, maana nina woga mwingi na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Ukitaka kunicheka, cheka. Najua utakicheka na Kiswahili hiki. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani pale Kamalondo alitufundisha kuandika barua kwa Kiswahili cha vitabu, kwa fimbo, na mpaka leo nikishika kalamu mgongo wangu unamkumbuka. Kwa mdomo mimi ni mtu wa Lubumbashi kama wewe. Kwa kalamu najikuta nimevaa kanzu.

Mambo ya kila siku sitayasema. Chakula, sweta la asubuhi, dawa za malaria, kupiga simu, nani wa kumfungulia mlango na nani wa kumwacha nje, yote hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho akiwa ameshika dirisha la gari. Mimi nitakuambia juu ya woga. Ndio kitu ninachokijua kuliko wanaume wote wa avenyu yetu, na sioni haya tena kusema.

Jina hilo la Kambo nililitoa mimi, si babu yako. Yeye alisema gari haina haja ya jina. Mimi nilikuwa mtoto, nikasema gari inayokohoa kila asubuhi na kunung'unika kila ikiona mlima ni babu wa mtu, basi iitwe Kambo kama babu wengine wote hapa kwetu. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa anapeleka vitenge Likasi, na siku zisizo na shule alitupakia sisi watoto kiti cha nyuma. Kiti kile kilikuwa cha plastiki, kinateleza kama sabuni. Kambo akiingia kwenye kona alikuwa analala upande, na sisi wote tunaserereka mpaka mlangoni, tunabanana, tunapiga kelele. Kona inayofuata tunarudi upande wa pili. Mimi nilidhani ni mchezo. Nilipokuwa mkubwa babu yako aliniambia kwamba alikuwa anatusikiliza. Tukicheka, alijua mwendo uko sawa. Tukianza kunyamaza, alipunguza. Neno lile sikulitilia maanani. Nilikuwa najifunza kukata nguo siku zile, na nilimwona ni mzee tu anayesimulia safari zake.

Halafu wewe ukaja mwaka huu ukaniambia umepata kazi Kolwezi, fundi wa umeme katika karakana ya mgodi, na kwamba utakwenda na Kambo, peke yako. Nikasema alhamdulillahi. Nikakukumbatia. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Mama yako anajua. Wewe nilikuambia ni samaki.

Siku chache baadaye ukanichukua kwenye njia ya Kinsevere ili nione unavyoendesha, nitulie. Ulikuwa unatafuna shikleti. Tukaingia kwenye kona, lori la madini likatokea mbele limejaa mpaka juu, wewe ukavuta usukani kidogo tu, na Kambo akalala. Alilala hivi kwamba dirishani kwangu sikuona tena mbingu, niliona udongo mwekundu na majani. Nikakanyaga freni kwa nguvu zote upande wangu, ambako hakuna freni. Wewe ukaniangalia, ukasema, "Papa, utatoboa gari chini." Lori lilikuwa limeshapita zamani, lakini mguu wangu ulikuwa bado umekanyaga tulipofika nyumbani. Nikaamua siku ileile kwamba gari hii haitalala tena na mtoto wangu ndani.

Nikamwendea Ilunga, yule mchomeleaji jirani yetu. Nikamuuliza kama kuna dawa ya gari inayolala. Akasema, "Iko bare, Papa Ramazani. Banafungaka ku nyuma. Gari inakuwa sawa meza." Sawa meza, yaani tuli kama meza! Nililipenda neno hilo, nikarudi nalo nyumbani kama mtu aliyepewa sadaka. Akanieleza kuwa ni chuma kizito kilichokunjwa ncha mbili, kinashika upande wa kulia na wa kushoto pamoja, ili gari ikitaka kulala huku, kule kuikatalie. Kambo hakutoka kiwandani na chuma hicho nyuma. Kuna watu Afrika ya Kusini wanavitengeneza kwa ajili ya magari ya zamani, na dereva mmoja wa basi akatuletea kimoja kwa njia ya Kasumbalesa, kimefungwa ndani ya blanketi. Kwenye sanduku lake kulikuwa na picha ya gari nyekundu imeinama kwa mbio, na kijana mwenye kofia ya chuma kichwani. Niliitazama picha ile vizuri. Sikujiuliza kwa nini kijana amevaa kofia ya chuma.

Wewe ulikataa. Kumbuka hilo, mimi nalikumbuka kila saa. Ulisema, "Papa, Kambo analalaka tangu zamani, na hajaanguka hata siku moja."

Nikakujibu kwa hasira, "Muntu njo analalaka, ku kitanda. Gari hapana!"

Ukacheka, ukasema sawa, kama itaniletea usingizi tuifunge. Ulikubali kwa ajili yangu. Haikuwa kwa ajili ya Kambo wala kwa ajili ya barabara, uliona baba yako amekonda.

Tukaifunga Jumapili, hapa uani. Ulimnyanyua Kambo kwa kriki, ukaweka magogo, magurudumu ya nyuma yakabaki yananing'inia hewani. Bare ilikuwa imekuja bila mipira yake, ile midogo inayokaa kati ya chuma na chuma visisagane. Ilunga akasema haina mambo, akaenda kwake akarudi na kipande cha mkanda wa mgodini, ule mpana unaobeba mawe, akakichonga kwa kisu mpaka kikakaa. Sisi watu wa mji huu mpira wa mgodi tunauweka kila mahali. Uko kwenye nyayo za viatu, kwenye bawaba za milango, hata chini ya cherehani yangu uko, kwa sababu haufi. Nikafurahi. Nilijisemea mpira uliobeba mawe utashindwaje kumbeba mwanangu? Hakuna kati yetu aliyesema kwamba mpira wa kubeba mawe ni mgumu kupita kiasi, na kwamba gari inataka kitu kinachokubali kidogo.

Wewe ulikuwa chini, mimi nakupa nati. Halafu nikakuomba unipishe na mimi nikaze moja, nataka mkono wangu uwemo. Nikalala pale chini kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mafuta yananidondokea, nikakaza. Nikakaza kwa woga wangu wote. Ukaniambia, "Inatosha Papa, utakata." Nikaongeza kidogo tena.

Tukamshusha Kambo. Yoo! Alilia kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Kila tukimsukuma analia, na mgongo umemkakamaa, hataki kushuka. Ilunga akaja, akachungulia chini, akakaa chini mwenyewe kwa kicheko.

"Papa Ramazani, weye unapimaka muntu suruali akiwa amelala?"

Nikamwambia hapana, haijatokea.

"Basi juu ya nini umekaza gari vile iko inaninginia? Nati ya mwisho banakazaka gari ikiwa imesimama, na uzito yake yote ku miguu. Sasa umemukaza mupira umepinda. Njo maana analia."

Mlicheka nyote, na mama yako dirishani alicheka, na mimi nilicheka. Lakini neno lile liliniingia. Miaka yote nampima mtu amesimama, anapumua, mikono imeshuka, kwa sababu akisimama ndipo tumbo linashuka na kitako kinakaa mahali pake. Hilo nalijua hata usingizini. Wateja wangapi nimewafukuza kwa kutaka nishone kwa vipimo vya simu! Na bado siku ile nilisahau, kwa sababu sikuwa namwona Kambo. Nilikuwa naiona barabara ya Kolwezi tu. Ukalegeza nati zote, ukazikaza upya magurudumu yakiwa chini, kimyakimya, wala hukunisimanga.

Kisha tukaenda kuijaribu njia ya Luano. Sitasema uongo, nilifurahi. Kwenye ule mzunguko mkubwa kabla ya uwanja wa ndege ulizunguka mara ya kwanza, ukazunguka tena, ukaongeza mwendo, na Kambo akakaa sawa meza. Sikuserereka hata kidogo. Ukapiga usukani kofi, ukapiga kelele, "Papa, unaona? Sasa iko gari!" Macho yako yalikuwa yanang'aa. Na mimi, mtu ninayeogopa hata baiskeli, nikajiona mwanaume. Nikawaza nimemaliza kazi ya baba.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imepiga, njia kubwa imeziba kwa malori, ukakata kwenye njia ya udongo. Unakumbuka ilivyokuwa. Ulikuwa huendi mbio. Nataka ujue sikusema na sitasema kwamba ulikuwa unakwenda mbio. Tulipoingia kwenye ile kona ya mikaratusi, akatokea papa mmoja na baiskeli imebeba magunia ya makala, yale makaa ya kupikia, anaisukuma katikati ya njia. Ukaondoa mguu kwenye mafuta, kama mtu yeyote angefanya. Na nyuma ya gari ikaondoka. Haikulala, haikulia, ilituacha tu, ikapita pembeni yetu ikaenda mbele, na sisi tukageuka tukatazama kule tulikotoka, injini imezima, maji yanadondoka kwenye kioo.

Yule papa wa makala alikuwa amesimama karibu na mlango wangu. Ningenyoosha mkono ningeshika gunia. Akatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Mulikuwa munanitafuta?"

Ukamwambia, "Utusamehe, papa."

Akasema, "Haina mambo. Lakini muntu akiwa ananitafuta, anibipe ku telefone kwanza."

Akaendelea kusukuma. Ukaanza kucheka, ukacheka mpaka machozi, ukaniambia, "Papa, umeona vile amegeuka?" Mimi nilikuwa nimeona. Nilikuwa nasoma shahada moyoni na nilikuwa nimefika katikati.

Mwanangu, kinachonitisha si kwamba Kambo aligeuka. Ni kwamba hakulala kwanza. Zamani angelala, angenitupa mlangoni, ningepiga kelele, ungepunguza. Siku ile alikaa kimya, ametulia, mpaka mwisho, halafu akaachia kila kitu kwa mara moja. Nikamkumbuka babu yako na watoto wake wa kiti cha nyuma, alivyokuwa anatusikiliza. Kule kulala ndiko kulikokuwa mdomo wa Kambo, na mimi nimemfunga mdomo kwa chuma cha Afrika ya Kusini na mpira wa mgodini. Nilifanya hivyo kwa sababu nilishindwa kuvumilia kumsikia.

Nyumbani tuligombana. Nilisema bare inatoka leo leo. Ukasimama mbele ya gari kama mtu anayelinda duka.

"Aa-a, Papa. Inabaki."

"Itakuua!"

"Njo weye uliitafuta."

"Sikujua!"

"Mi sasa nimeijua. Nimejua fasi anaachiaka. Ku maji, naenda polepole. Ku lami, iko muzuri kupita mwanzo. Juu ya nini nitoe kintu nimeishajua?"

Nikakuambia basi nitakuja na wewe mpaka Kolwezi, nitarudi na basi. Ukanishika bega, ukaniambia taratibu, "Papa, utakanyaga freni yenye haiko, tangu hapa mupaka Kolwezi. Nitakuwa naangalia miguu yako, siangalie njia." Nilikasirika nikaingia ndani. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Tangu siku ile sijawa mtu. Juzi nimempa mteja koti lenye mikono miwili ya kushoto. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akaniuliza kama ni mtindo mpya. Nikienda kusali najikuta kwenye sijda nawaza kona za Likasi, ile milima, na malori ya asidi yanayoshuka moja nyuma ya lingine, na wewe katikati yao na Kambo asiyesema kitu. Nimeuliza kila dereva aliyeingia dukani kwangu. Wengine nimewapunja muda wao, mtu amekuja kuchukua suruali namshika mkono namuuliza habari za matairi. Wote wananiambia neno moja, na hili ndilo ninalokuomba ulibebe, sina jingine la ufundi: ukiwa katikati ya kona, usiondoe mguu kwa ghafla. Punguza kabla hujaingia. Ukishaingia, shika hivyo hivyo, hata ukiona kitu, hata ukiogopa. Najua ni rahisi kwangu kusema, mimi niliyekaa kwenye kiti hiki cha cherehani. Mguu wangu mimi ungeondoka, najijua.

Ilunga naye nilimwendea. Nilitaka aseme bare ni mbaya nije nikupigie kelele kwa neno lake. Hakusema. Alisema, "Ukiitoa, atalala. Ukiiacha, atateleza nyuma ku mvua. Papa, gari yote iko na ugonjwa. Mwenye kuendesha njo anachaguaka." Nikamuuliza, angekuwa binti yake? Akachukua nyundo yake, akaanza kugonga kitu ambacho hakikuwa na haja ya kugongwa.

Sasa nikuambie ya leo.

Ulipotoka kwenda kwa shangazi yako niliona ndiyo nafasi. Nilikuwa nimepanga tangu asubuhi. Nitaitoa, nitaificha nyuma ya marobota ya vitambaa, kesho utaondoka bila kujua, na ukifika Kolwezi salama nitakupigia simu nikuambie, tucheke. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na nilijiona mwerevu. Nikatandika gunia, nikaingia chini, nikaweka ufunguo kwenye nati ya kushoto. Ilikuwa imekaza vizuri, kazi yako. Nikavuta. Ikalegea kidogo.

Na pale pale, kwa sababu ninazozijua mimi na Mungu, nikaliona kovu la kidevu chako. Unajua lile. Ulipokuwa mdogo nilikukataza baiskeli kabisa, nilisema baiskeli itakuvunja. Ukaniambia lile kovu ulianguka kwenye ngazi za shule. Miaka mingi nilizilaani ngazi za shule. Mpaka siku ya sherehe ya diploma yako ndipo ulinisimulia, huku unakula keki, kwamba ulijifunza baiskeli kwa siri kule nyuma ya gereji, ukaanguka, ukakaa chini peke yako unavuja damu, ukiogopa kurudi nyumbani. Hukuogopa damu, uliniogopa mimi. Ulisimulia kama kichekesho na wageni wote walicheka. Mimi nilikwenda kuwaongezea watu soda.

Nikiwa chini ya Kambo nikaanza kufikiri vizuri, kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikaiona asubuhi ya kesho. Mwanangu anaingia kwenye kona ya kwanza ya mlima wa Likasi kwa mwendo anaoujua, akiamini gari yake ni sawa meza. Na gari inalala. Inalala yote, kama zamani, na yeye hakujua, mikono yake haikujiandaa, kwa sababu baba yake ameibadilisha gari yeye akiwa kwa shangazi. Mwamini, nikaachia ufunguo. Ningekuua kwa kukuogopea. Ningekaa hapa nashona, nikingojea simu ya kucheka.

Nikairudisha nati. Niliikaza magurudumu yakiwa chini, hilo nalo nimeshajifunza. Lakini sikuamini mkono wangu, na sitauamini, ndiyo maana umeifungua siku yako kwa kulala chini ya gari badala ya kunywa chai. Nisamehe kwa hilo. Nilifikiri ninyamaze, kwani nati imekaza, nani angejua? Halafu nikaona kunyamaza ndiko kulekule kufunga mdomo kwa bare.

Nilipotoka chini mama yako alikuwa amesimama na kapu la majani ya sombe. Akanitazama kanzu. Akasema, "Papa Mwamini, na hiyo mafuta yote, ulikuwa unasalia chini ya gari?" Nikamwambia karibu. Akakaa juu ya gogo, akaniambia hata yeye hajalala siku nyingi, ila yeye anapika. Sikuwa nimelijua hilo. Miaka yote hii nilidhani woga wa nyumba hii ni wangu peke yangu, na yeye alikuwa anaukaanga kila siku mbele ya macho yangu.

Mwanangu, sitakuambia usiogope, ningekuwa mnafiki. Nakuomba tu usifanye nilivyofanya mimi, kumficha mtu kitu kwa sababu unamwogopea. Ukipata watoto utajaribu. Utaona ni mapenzi, kwa sababu yanafanana sana.

Vifaa vyote nimevipanga kiti cha nyuma, ufunguo wa kumi na saba uko juu. Ukitaka kuitoa bare kabla ya kuondoka, muda upo, Ilunga amesema umgongee mlango tu. Ukitaka kuiacha, iache. Nakuomba kitu kimoja, usije kuniuliza. Ukiniuliza nitasema itoe, nitashindwa kujizuia, na wewe utaitoa kwa ajili yangu kama ulivyoifunga kwa ajili yangu, halafu utapanda mlima na gari ya woga wa baba yako. Amua wewe, uijue gari yako, uende nayo.

Asubuhi nitasimama mlangoni pamoja na mama yako. Yeye atalia, mimi nitasema maneno ya hovyo juu ya mafuta na matairi, tuvumilie. Kisha utaondoka, na mimi nitakuwa natazama pale mwisho wa avenyu, kwa muuza mikate, unapokata kushoto kuingia njia kubwa. Kambo akilala pale, nitajua umeitoa. Akikaa sawa, nitajua umeiacha. Nimekaa hapa nikijaribu kuchagua ni ipi ninayotaka kuona, na kila nikichagua moja nabadili.

Naogopa, Mwamini. Nenda.

Papa yako